Mnyapara wa Kompyuta: Jinsi Kazi Moja Inavyoanzishwa Katika Maelfu ya Mashine

Utangulizi

Katika shamba kubwa la mkonge, kazi ya siku haianzi kwa meneja kupita kwa kila kibarua na kumwambia la kufanya. Meneja hutoa amri ofisini. Amri humfikia mnyapara wa kila sehemu. Naye mnyapara ndiye anayewaita watu wake kwa majina, kuwagawia mistari ya kukata, kuwaangalia wakati wa kazi, na mwisho wa siku kurudisha hesabu ya waliomaliza na walioshindwa. Shamba lisilo na wanyapara laweza kuwa na watu elfu moja, lakini watu hao watakuwa umati tu, na mkonge utabaki shambani.

Makala haya yanaeleza programu ndogo ya kompyuta inayofanya kazi ya namna hiyo katika mashine kubwa za kukokotoa. Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa, zinazochunguza muundo wa dawa au zinazofuatilia mwendo wa nyota. Habari hizo husifu wingi wa prosesa na kasi ya hesabu. Ni mara chache kuulizwa swali la msingi zaidi: hesabu moja inapogawanywa katika mashine elfu nne, ni nani anayeziambia zote zianze? Na zikishaanza, ni nani anayejua kama zingali hai? Jibu la maswali haya lina hesabu nzuri ndani yake, na mwanafunzi wa sekondari aweza kuifuata yote.

Klasta ni nini

Zamani kompyuta yenye nguvu nyingi ilikuwa mashine moja iliyoundwa kwa namna ya pekee, na bei yake ilizidi uwezo wa vyuo vingi. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, waliokuwa katika kituo cha Goddard cha NASA, shirika la Marekani la safari za anga, waliunganisha prosesa 16 aina ya DX4 kwa mtandao wa Ethernet wa kawaida, wakaiita mashine yao Beowulf. Vipuri vyake vilikuwa vile vile vilivyouzwa madukani, na mfumo endeshi wake, Linux, ulipatikana bila malipo. Njia hiyo imeenea mno. Frontier, mashine iliyozinduliwa mwaka 2022 katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, ina kompyuta zaidi ya 9,000 zilizounganishwa.

Kundi la kompyuta la namna hii huitwa klasta, na kila kompyuta ndani yake huitwa nodi. Yapasa kusisitiza jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa: kila nodi ni kompyuta kamili. Ina prosesa zake, kumbukumbu yake na mfumo endeshi wake. Haioni kilichomo katika kumbukumbu ya jirani yake. Habari zote baina yao hupita katika mtandao. Klasta huonekana kuwa mashine moja kwa sababu tu ziko programu zinazoifanya ionekane hivyo. Mojawapo ya programu hizo ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Programu na mchakato

Kabla ya kuendelea, hapana budi kutofautisha mambo mawili. Programu ni maelezo yaliyoandikwa na kuhifadhiwa, kama vile maelezo ya kupika pilau yalivyohifadhiwa katika kitabu cha mapishi. Mchakato ni upishi wenyewe: jiko limewashwa, sufuria imeinjikwa, na mchele umeshatiwa. Kitabu kimoja chaweza kutumika katika jiko kumi kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo programu moja yaweza kuzaa michakato kumi, kila mmoja ukiwa na kumbukumbu yake na ukiwa umefikia hatua yake.

Katika mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, ambao Linux ni mmojawapo, mchakato huzaliwa kwa namna ya pekee. Mchakato uliopo hujinakili, zikawepo nakala mbili zinazofanana: mzazi na mtoto. Kisha mtoto huiacha programu ya mzazi wake na kuanza kutekeleza programu nyingine aliyoagizwa. Kila mchakato hupewa namba yake, na mfumo endeshi huhifadhi namba ya mzazi wake. Ukifuata ukoo huo kwenda juu, utaufikia mchakato namba 1, ulioanzishwa wakati kompyuta ilipowashwa, na ambao ni babu wa wote.

Kutokana na kanuni hii tunapata tokeo muhimu. Mchakato huzaliwa na mchakato mwingine ulio katika nodi ile ile. Mwanasayansi aliyekaa mbele ya nodi ya kwanza hana njia ya kuzaa mchakato katika nodi ya mia tano, kwa sababu mzazi na mtoto hawawezi kutengwa na waya wa mtandao. Awezacho ni kupeleka ujumbe. Lakini ujumbe huo utapokewa na nani? Ni lazima katika nodi ya mia tano uwepo tayari mchakato ulio hai, uliotega sikio mtandaoni, ambao ukipata ujumbe utazaa mtoto kwa niaba ya mwanasayansi. Mchakato huo mngojezi ndio mnyapara wetu.

Asili ya jina lake

Wataalamu huuita mchakato wa namna hii demoni. Jina hili lilianza kutumika mwaka 1963 katika mradi wa MAC wa chuo cha MIT, Marekani, na Fernando Corbató, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo, alieleza kwamba walilichukua kutoka katika fizikia. Wanafunzi wa fizikia huenda wamekwisha kukutana na kiumbe cha kubuni cha James Clerk Maxwell, alichokieleza mwaka 1867: kiumbe kidogo kinacholinda kijimlango baina ya vyumba viwili vya gesi, kikiruhusu molekuli zenye kasi zipite upande mmoja na zile za polepole upande wa pili. Waliovutiwa na jina hilo walifikiria mtumishi asiyeonekana, asiyechoka, afanyaye kazi pembeni wakati mabwana wanashughulika na mengine. Hivyo neno hili halina uhusiano wowote na uchawi wala pepo wabaya.

Kwa nini bawabu wa kawaida hatoshi

Msomaji anayezijua kompyuta aweza kuuliza: je, hatuna tayari njia ya kuingia katika mashine ya mbali? Ni kweli. Unix iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983 ilikuwa na amri ya kutekeleza jambo katika mashine nyingine, na mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Finland alitengeneza njia iliyo salama zaidi, iitwayo SSH. Kila mashine inayokubali kuingiliwa kwa njia hiyo ina demoni wa kuipokea. Huyo twaweza kumwita bawabu.

Bawabu hufanya kazi yake vizuri, lakini kazi yake huishia mlangoni. Hajui kama mgeni amepewa prosesa mbili au thelathini. Hajui kama muda wake umekwisha. Hajui kwamba wageni mia tano walioingia katika nodi mia tano ni wa kazi moja, na kwamba mmoja wao akifa wengine hawana sababu ya kubaki. Kwa mtu mmoja mwenye mashine nne hilo si tatizo. Kwa chuo chenye watumiaji mia mbili wanaogombea nodi zile zile, ni vurugu.

Ndiyo maana, tangu mapema, wabuni walitengeneza mademoni wa kazi hii hasa. Mfumo wa PVM, ulioanzishwa mwaka 1989 katika maabara ya Oak Ridge, uliweka demoni mmoja katika kila mashine, nao mademoni hao wakapashana habari na kuanzisha michakato kwa pamoja. Kanuni za MPI, zilizotolewa mwaka 1994 ili kusanifisha jinsi michakato inavyopelekeana ujumbe, hazikueleza hapo mwanzo michakato yenyewe ianzishwe vipi. Kila mtengenezaji aliachiwa atafute njia yake. Katika mfumo wa PBS, uliobuniwa katika kituo cha NASA cha Ames, demoni wa kila nodi aliitwa kwa kifupi kinachosomeka kama neno la Kiingereza la kumwita mama, kwa kuwa ndiye mama wa kazi zote zinazoendeshwa katika nodi hiyo. Baada ya maelezo tuliyotoa juu ya uzazi wa michakato, msomaji ataona kwamba jina hilo lina maana yake.

Siku ya kazi ya mnyapara

Tuchukue mfano wa Slurm, mfumo ulioanzishwa katika maabara ya Lawrence Livermore, California, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambao leo unatumika katika klasta nyingi duniani, Frontier ikiwa mojawapo. Katika mfumo huu yuko msimamizi mmoja wa klasta nzima, ambaye tutamwita karani mkuu, na yuko mnyapara mmoja katika kila nodi. Mnyapara huyo jina lake ni slurmd. Mambo hufuatana hivi:

1. Mtumiaji huandika ombi: anataka nodi ngapi, kumbukumbu kiasi gani na muda gani. Ombi huingia katika foleni.

2. Nodi zinapopatikana, karani mkuu huzitenga na kutoa hati ya idhini. Hati hiyo hutaja mtumiaji ni nani, nodi zipi ni zake, na kiasi alichoruhusiwa.

3. Agizo la kuanza, pamoja na hati, hupelekwa kwa wanyapara wa nodi zilizotengwa.

4. Kila mnyapara huikagua hati. Akiridhika, huzaa msaidizi mmoja kwa ajili ya kazi hiyo peke yake.

5. Msaidizi huweka mipaka ya kumbukumbu na prosesa, huvua madaraka ya mnyapara na kuvaa yale ya mtumiaji wa kawaida, kisha huzaa michakato yenyewe ya hesabu. Kila mchakato huambiwa namba yake katika kundi, kuanzia 0, na ukubwa wa kundi zima.

6. Kwa kutumia namba hizo michakato hubadilishana anwani, na hesabu huanza.

7. Kila mchakato unapokufa huacha namba ya mwisho: 0 kama mambo yalikwenda sawa, namba nyingine kama kulitokea kasoro. Msaidizi huzikusanya namba hizo na kupeleka taarifa.

Hatua ya tano ina siri ya kila kazi ya pamoja. Michakato yote hutekeleza programu ile ile, herufi kwa herufi. Kinachoifanya mmoja ukokotoe mvua ya pwani na mwingine upepo wa milimani ni ile namba tu iliyotolewa na msaidizi wa mnyapara.

Hatua ya nne nayo ina busara yake. Mnyapara haendeshi kazi kwa mkono wake, bali humwachia msaidizi. Kwa hiyo mnyapara mwenyewe aweza kusimamishwa na kuanzishwa upya, mathalan ili abadilishwe kwa toleo jipya, na hesabu iliyokwisha kutembea siku mbili haitavunjika.

Hesabu ya kuanza

Sasa tufikie suala la muda. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kilianza kutumia mashine iitwayo Ranger, yenye nodi 3,936. Tuchukue ukubwa huo kwa ajili ya hesabu yetu, na tuseme kupeleka agizo moja kwa nodi moja na kupata jibu huchukua sekunde 0.1. Muda huo ni wa kukisia ili kurahisisha hesabu.

Njia ya kwanza ni kuziambia nodi moja baada ya nyingine. Muda utakuwa 3,936 × 0.1, yaani sekunde 393.6, ambazo ni zaidi ya dakika 6 na nusu. Katika muda huo wote nodi zilizoambiwa mwanzo zinasubiri bila kazi, kwa sababu hesabu ya pamoja haiwezi kuanza hadi wote wawepo. Ikiwa kazi yenyewe ni ya dakika 5, basi kuita watu kumechukua muda mrefu kuliko kulima.

Njia ya pili ni kuwashirikisha wanyapara wenyewe. Katika awamu ya kwanza, mtoa agizo humwambia mnyapara mmoja. Sasa wanaojua ni 2. Katika awamu ya pili kila mmoja wao humwambia mwingine: wanakuwa 4. Kisha 8, 16, 32, na kuendelea. Baada ya awamu n wanaojua ni 2 kwa kipeo cha n. Ukimtoa mtoa agizo, nodi zilizopata habari ni pungufu kwa moja. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 12 ni 4,096, awamu 12 zatosha nodi 4,095, yaani zaidi ya zile za Ranger. Muda umeshuka kutoka sekunde 393.6 hadi sekunde 1.2.

Tazama pia kinachotokea mashine inapokua. Kwa nodi 9,000 njia ya kwanza ingehitaji dakika 15. Njia ya pili ingehitaji awamu 14, ikiwa ni nyongeza ya awamu mbili tu. Mwanafunzi anayeuliza logi zina faida gani nje ya chumba cha mtihani anaweza kuonyeshwa hapa: idadi ya awamu hukua kama logi ya idadi ya nodi.

Muundo huu huitwa mti, kwa kuwa habari hutoka shinani na kuenea katika matawi. Katika mfumo kama Slurm, msimamizi huweza kuchagua upana wa matawi: mnyapara mmoja huwaambia wengi kwa mkupuo, mti ukawa mfupi zaidi. Njia nyingine zimejaribiwa. Mwaka 2000 Ralph Butler, William Gropp na Ewing Lusk walieleza mfumo waliouita MPD, ambamo wanyapara walishikana katika duara, kila mmoja akiwa ameungana na jirani yake, na agizo likazunguka mkono kwa mkono. Duara ni rahisi kujenga, lakini njia ya kuzunguka hurefuka kadiri nodi zinavyoongezeka.

Mti nao una udhaifu wake. Mnyapara aliye karibu na shina akinyamaza, tawi lake lote halipati habari. Kwa hiyo kila mzazi katika mti hupewa muda wa kusubiri jibu. Muda ukipita bila jibu, tawi hilo hutolewa taarifa au hutafutiwa njia nyingine. Katika Slurm, kwa mpango wa kawaida, mnyapara asipomjibu karani mkuu kwa sekunde 300, nodi yake huhesabiwa kuwa imeanguka, na kazi iliyokuwa ikiitumia hukatishwa isipokuwa mwenyewe alikuwa ameomba vingine.

Suala la madaraka

Ili mnyapara aweze kuanzisha kazi za watumiaji mbalimbali, hana budi kuwa na madaraka makubwa katika nodi. Ni lazima aweze kuwa mtumiaji yeyote. Katika Unix mwenye uwezo huo ni mtumiaji mkuu peke yake, ambaye aweza pia kusoma kila faili na kufuta kila kitu. Hivyo katika kila nodi yuko mtumishi mwenye funguo zote, anayepokea amri kutoka mtandaoni. Kama angetii kila amri bila kuuliza, mtu mmoja mwovu angeweza kuiteka klasta nzima kwa ujumbe mmoja.

Ulinzi wake ni ile hati ya idhini. Nodi zote hushiriki ufunguo mmoja wa siri, na kwa ufunguo huo hati hutiwa alama ambayo asiye na ufunguo hawezi kuighushi. Katika programu ya MUNGE, ambayo Slurm huitumia kwa kawaida, hati huandikwa pia wakati ilipotolewa, na kwa mpango wa kawaida hupoteza nguvu baada ya dakika 5, ili mtu aliyeinasa njiani asiweze kuitumia baadaye. Tokeo lake ni la ajabu kidogo: saa za nodi zote lazima zilingane. Nodi ambayo saa yake imepotea kwa dakika kumi hukataa hati zilizo halali, na msimamizi asiyefahamu jambo hili aweza kuhangaika akitafuta kasoro katika nyaya.

Mwisho wa kazi na michakato yatima

Kuanzisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumaliza, nayo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Muda wa kazi unapokwisha, mnyapara huamrisha michakato ipelekewe ishara namba 15, ambayo ni ombi la kufunga kazi kwa utaratibu: mchakato hupata nafasi ya kuhifadhi matokeo yake. Katika Slurm, kwa kawaida, hupewa sekunde 30. Usipoondoka, hupelekewa ishara namba 9, ambayo haiwezi kupuuzwa wala kukataliwa.

Lakini namna gani mchakato usiojulikana? Tumeona kwamba kila mchakato una mzazi. Ikiwa mtoto amezaa mjukuu, kisha mtoto akafa, mjukuu hubaki yatima, na mfumo endeshi humpeleka kulelewa na mchakato namba 1. Hapo kamba ya ukoo inayomuunganisha na mnyapara imekatika. Mnyapara akihesabu watoto wake na watoto wao hamwoni tena. Yatima huyo aweza kuendelea kula kumbukumbu na muda wa prosesa usiku kucha, na mtumiaji anayefuata katika nodi hiyo atashangaa kwa nini hesabu yake inakwenda polepole, ilhali hati yake inasema nodi yote ni yake.

Dawa ya kudumu ilipatikana ndani ya Linux yenyewe. Wahandisi wa Google walianza mwaka 2006 kutengeneza utaratibu wa makundi ya udhibiti, ukaingizwa katika toleo la Linux la mwaka 2008. Mchakato ukishawekwa katika kundi, vizazi vyake vyote huzaliwa ndani ya kundi hilo, hata wazazi wakifa. Msaidizi wa mnyapara hulifungua kundi kabla ya kuzaa mchakato wa kwanza, hupima kumbukumbu inayotumiwa na kundi zima, na mwishoni huua kila kilichomo. Yatima hana tena pa kujificha.

Mnyapara anapaswa kuwa kimya

Mnyapara hukaa katika nodi ile ile inayofanya hesabu, na hutumia prosesa zile zile. Kila anapoamka kujibu swali la karani mkuu, huchukua sehemu ndogo ya sekunde iliyokuwa ya hesabu. Je, jambo dogo hivyo laweza kudhuru?

Hebu tufanye hesabu. Programu nyingi za kisayansi huenda kwa hatua: michakato yote hukokotoa kipande, kisha husubiriana ili kubadilishana matokeo. Hatua haiishi mpaka aliye wa mwisho awe amemaliza. Tuseme uwezekano wa nodi moja kusumbuliwa katika hatua moja ni 0.001 tu. Kwa nodi moja usumbufu huo hauonekani. Kwa nodi 1,000 zisizotegemeana, uwezekano kwamba hakuna hata moja iliyosumbuliwa ni 0.999 kwa kipeo cha 1,000, ambao ni karibu 0.37. Maana yake, karibu hatua 63 katika kila 100 zitachelewa. Kwa nodi 4,000 uwezekano wa hatua safi hushuka hadi chini ya 0.02. Bandu bandu huisha gogo.

Mambo haya yalithibitishwa katika mashine ya ASCI Q ya maabara ya Los Alamos. Mwaka 2003 Fabrizio Petrini, Darren Kerbyson na Scott Pakin walieleza jinsi programu moja kubwa iitwayo SAGE ilivyokwenda polepole mno kuliko ilivyotarajiwa katika prosesa 8,192. Kila nodi ilikuwa na prosesa 4, na jambo la kushangaza ni kwamba katika ukubwa huo programu ilikwenda vizuri zaidi ilipotumia 3 tu na kuacha moja wazi. Walipochunguza waligundua kwamba chanzo ni mademoni na shughuli nyingine ndogo za mfumo endeshi, kila moja ikiamka kwa wakati wake. Waliondoa zisizo za lazima na kupunguza nyingine, na kasi ya SAGE ikawa karibu mara mbili bila kununua hata prosesa moja.

Kwa sababu hii mnyapara mzuri husifiwa kwa yale asiyoyafanya. Akishaanzisha kazi hulala, na huamka anapoitwa tu au mtoto wake anapokufa.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha mambo haya bila kompyuta. Achukue wanafunzi 31 na saa yenye sekunde. Kwanza amnong'oneze kila mwanafunzi namba moja, mmoja baada ya mwingine. Ikiwa kila mnong'ono huchukua sekunde 5, kazi itachukua sekunde 155. Kisha atumie njia ya mti: kila anayejua amwambie asiyejua. Baada ya awamu 5, au sekunde 25, darasa zima litakuwa limejua, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 5 ni 32, mwalimu akiwemo.

Halafu arudie, lakini kwa siri amwagize mwanafunzi wa kwanza kuambiwa asimwambie mtu. Darasa lihesabu ni wangapi waliokosa habari. Kwa mpango uliowekwa tangu mwanzo wa nani amwambie nani, mwanafunzi huyo alitegemewa na wengine 15, moja kwa moja au kupitia kwa wenzake. Wanafunzi wajadili: mwalimu atajuaje kwamba habari haikufika, na afanye nini?

Hitimisho

Ranger ilistaafishwa mwaka 2013, na baadhi ya makabati yake yalisafirishwa hadi Afrika Kusini ili yatumike tena katika vyuo na vituo vya utafiti kusini mwa Afrika. Mashine iliyotumika yaweza kutolewa kama msaada na kupakiwa melini. Ujuzi wa kuiendesha haupakiwi pamoja nayo. Siku makabati ya namna hiyo yanapofunguliwa, nodi zote zaweza kuwaka taa za kijani, na bado klasta isiwepo, mpaka apatikane mtu anayefahamu kwa nini mnyapara wa nodi ya ishirini amekataa hati, kwa nini saa hazilingani, na yatima gani anakula kumbukumbu ya nodi ya arobaini.

Elimu hiyo imejengwa juu ya mambo ambayo wanafunzi wetu wanayasoma tayari: vipeo, logi, uwezekano, na tabia ya kuuliza jambo lilianzia wapi. Programu za kuisomea, Slurm na MUNGE zikiwamo, zimetolewa wazi pamoja na maandishi yake ya asili, na klasta ya kujifunzia yaweza kuundwa kwa kompyuta mbili kuukuu zilizounganishwa kwa waya mmoja. Shule yenye kompyuta hizo mbili, na mwalimu aliye tayari kuona zikikataa kuanza mara kadhaa, yaweza kuanza muhula huu.